Shajara ya mradi: fedha za halmashauri, unga wa lishe na uji wa kituo cha watoto

Shajara hii inaandikwa na katibu wa kikundi cha kina mama wanaotengeneza unga wa lishe ili kamati za vijiji vingine zinazotaka kuomba fedha za halmashauri kwa ajili ya shughuli za kijamii zipate mahali pa kuanzia. Hatua za kawaida zimefupishwa. Pale tulipokwama pameelezwa kwa urefu.

Agosti 2024: Maombi ya ruzuku na jibu lake

Kituo cha malezi cha kijiji chetu, katika mkoa wa Iringa, hupokea watoto wa miaka miwili hadi minne kuanzia asubuhi mpaka mama zao watakaporudi kutoka shambani. Kinaendeshwa na kamati ya wazazi, walezi wa kujitolea na michango ya mahindi ambayo huwa mingi baada ya mavuno na kukauka ifikapo Januari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, ulikuwa na kiwango cha juu kuliko yote, karibu asilimia 57. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa njaa. Mtoto anashiba uji wa sembe tupu, na mama anayepalilia mchana kutwa hana muda wa kumwandalia mlo wa pili wenye mchanganyiko.

Kamati ilimwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri kuomba ruzuku ya Sh 9,600,000 kwa ajili ya chakula cha watoto na posho ndogo za walezi. Jibu lilikuja kwa maandishi na lilikuwa fupi: halmashauri haina kasma, yaani fungu la bajeti, ya kutoa ruzuku kwa vikundi vya hiari, na mwombaji anashauriwa amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Baadhi ya wajumbe waliichukulia barua hiyo kama mlango uliofungwa. Mimi niliona tofauti, kwa kuwa barua ilitaja ofisi ya kwenda, jambo ambalo barua nyingi za kukataa huwa hazifanyi.

Afisa alitueleza kwamba fedha za halmashauri zinazoweza kugusa shughuli kama yetu zimo katika mafungu yasiyochanganyika. La kwanza ni mkopo wa asilimia 10, ambao tangu mwaka 2018 umewekwa kisheria katika kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Kila halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, ukiondoa mapato lindwa (yale yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu), na kuikopesha bila riba kwa mgawanyo wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. La pili ni fungu la lishe, ambalo halmashauri zimeagizwa kulitenga kwa kiwango cha Sh 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. La tatu si msaada wala mkopo: ni zabuni, kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Ruzuku, hiyo tuliyoiomba, haikuwemo katika mafungu hayo.

Oktoba 2024: Kutenganisha biashara na huduma

Mkopo wa asilimia 10 ulikuwa umesimamishwa tangu Aprili 2023, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na ulirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10, miongoni mwazo Jiji la Dodoma, Kigoma Ujiji, Songea na Siha, zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki. Yetu haimo, hivyo maombi yanapitia kwa maofisa na kamati za mikopo, na taarifa huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Msomaji aanze kwa kuuliza halmashauri yake iko upande upi, kwa sababu njia ya maombi hutofautiana.

Wazo letu lilikuwa kwamba kamati ya kituo ndiyo ikope. Lilikataliwa kabla hata ya fomu, na sababu zilikuwa za msingi. Kamati ina wanaume na wanawake, ilhali kikundi cha wanawake ni cha wanawake watupu. Mhasibu wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwenye ajira rasmi hakubaliwi kuwa mwanakikundi. Zaidi ya hayo, mkopo hutolewa kwa shughuli inayoingiza kipato, na kulisha watoto bure, hata kama ni jambo jema kiasi gani, hakurejeshi mkopo.

Suluhisho lilikuwa kuunda kikundi kipya cha kina mama kumi kitakachotengeneza na kuuza unga wa lishe, huku kituo kikibaki chini ya kamati yake. Kikundi kinafanya biashara. Kituo kinatoa huduma. Na kinachoviunganisha ni azimio moja lililoandikwa katika muhtasari, kwamba katika kila pakiti ya kilo moja itakayouzwa, Sh 200 zitakwenda kituoni. Tuliamua kiwango kwa pakiti badala ya asilimia ya faida, kwa kuwa faida inaweza kubishaniwa mpaka usiku wa manane lakini pakiti zinahesabika.

Rasimu ya kwanza ya katiba ya kikundi ilirudishwa. Tulikuwa tumenakili madhumuni ya kituo, “kusaidia watoto na familia zenye uhitaji”, na kwa maneno hayo kikundi kilionekana kuwa cha hisani. Rasimu ya pili ilitaja usindikaji na uuzaji wa nafaka kama dhumuni la kwanza, na ikapita. Kilichochelewesha zaidi ni majina. Wanachama wawili walikuwa na jina moja kwenye kitambulisho cha taifa na jingine kwenye kadi ya mpiga kura, na benki ilikataa kuwaweka kama watia saini. Badala ya kusubiri marekebisho, mkutano ulichagua watia saini wengine ambao majina yao yalilingana kila mahali.

Gharama hadi hapa: Sh 236,000 kwa uchapaji, picha za pasipoti, nauli za kwenda makao makuu ya wilaya na kiasi cha kufungulia akaunti. Fedha hizi zilitoka mifukoni mwa wanachama na zimeandikwa katika daftari la hisa, ili asije mtu baadaye akadai kwamba alichangia zaidi ya wenzake.

Desemba 2024: Andiko la mradi

Andiko la kwanza liliomba Sh 14,500,000 kwa ajili ya jengo, mashine ya kusaga na malighafi. Kamati ya kata ilirudisha andiko ikiwa na maswali matatu, nami nayaandika hapa kwa kuwa nadhani kila kikundi kitaulizwa hayo hayo: nani atanunua, umeme mlio nao ni wa namna gani, na mwezi mashine itakapoharibika mtarejesha kwa kutumia nini.

Swali la umeme ndilo lililoangusha mpango wetu. Mashine tuliyoipatia bei dukani Iringa mjini ilikuwa na mota inayohitaji umeme wa njia tatu, wakati laini iliyofika kitongojini kwetu ni ya njia moja. Kuivuta laini ya njia tatu kutoka barabara kuu kungegharimu zaidi ya mkopo wenyewe. Mashine ya dizeli ilitajwa, lakini mwanachama mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa nayo alitukumbusha bei ya mafuta na vipuri, na mjadala ukaishia hapo.

Tukaacha kununua mashine. Mahindi, ulezi na soya vitasafishwa, vitakaushwa na kukaangwa kijijini, vitapelekwa kusagwa kwenye mashine ya mtu binafsi iliyopo senta kwa Sh 150 kwa kilo, kisha unga utarudishwa kupimwa na kufungashwa. Kwa mpango huo mahitaji yalishuka hadi Sh 8,200,000, na swali la kuharibika kwa mashine likawa la mwenye mashine. Upungufu wake upo pia: mashine hiyo husaga kila kitu cha kila mtu, kwa hiyo ni lazima isafishwe kwanza, nasi hulipia kilo mbili za mwanzo zinazopita na kutupwa kwa kuku.

Kwa swali la soko, maneno ya “jamii inahitaji lishe” yaliondolewa na mahali pake tukaweka barua za maduka manne na kituo kimoja cha kulelea watoto cha binafsi kilichopo mjini, kila moja ikitaja kiasi ambacho mwandishi wake angechukua kwa mwezi.

Saini nazo zilileta usumbufu. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na barua yetu ya utambulisho ilikuwa na saini ya mwenyekiti wa kijiji aliyemaliza muda wake. Ililazimu kuandikwa upya na kusainiwa na mpya. Kikundi kinachoanza mwaka wa uchaguzi kingoje viongozi waapishwe ndipo kikusanye saini.

Februari 2025: Fungu la lishe na kalenda ya bajeti

Wakati maombi ya mkopo yakisubiri, tulilifuatilia fungu la lishe, tukitarajia kwamba Sh 1,000 za kila mtoto zingeweza kuhesabiwa kwa watoto wa kituo na kuletwa kijijini. Hesabu hiyo si sahihi. Kiwango hicho ni cha kupangia bajeti ya halmashauri nzima, na fedha hutumiwa na idara zenyewe kwa usimamizi, matone ya vitamini A, mafunzo na ufuatiliaji. Hazihamishiwi kwenye akaunti ya kikundi.

Hata hivyo Afisa Lishe alikubali jambo ambalo thamani yake kwetu ilizidi fedha tulizozitarajia. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka, sasa inafanyika kituoni, na watoto wote hupimwa hapo urefu, uzito na mzingo wa mkono. Aliahidi pia kuwafundisha kina mama namna ya kuandaa unga kabla ya uzalishaji kuanza. Halmashauri haikututumia shilingi, ila ilituletea mtu mwenye ujuzi, mizani na ubao wa kupimia urefu.

Tulijifunza vilevile kwamba tulikuwa tumechelewa kwa mwaka mzima. Mipango ya kijiji, inayoibuliwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo iingie kwenye bajeti inayofikishwa mbele ya Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka. Mwezi Februari madiwani wanajadili kitabu kilichokwisha kuchapwa. Ombi la choo na tangi la maji la kituo litapaswa kusemwa katika mkutano wa kijiji kabla ya Novemba, na liandikwe kwenye muhtasari, kwa kuwa kisichokuwa kwenye muhtasari hakipandi kwenda kata.

Aprili 2025: Fedha zimeingia, pungufu ya tulizoomba

Mkopo ulioidhinishwa ni Sh 7,000,000, kurejeshwa ndani ya miezi 24 ikiwa ni pamoja na miezi mitatu ya kuanzia isiyo na rejesho. Tulipouliza kwa nini milioni moja na laki mbili zimekatwa, tulielezwa kwamba makusanyo ndiyo yanayoamua, na vikundi vilivyofuzu vilikuwa vingi kuliko fedha. Katika wilaya ya kilimo, sehemu nzuri ya mapato ya ndani hutegemea ushuru wa mazao, nao huingia kwa wingi baada ya mavuno. Kama ningeanza upya, ningehakikisha maombi yako mezani robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, kati ya Julai na Septemba, halmashauri inapokuwa na makusanyo mapya.

Matumizi yamekwenda hivi. Ukarabati wa chumba cha kufungashia, yaani sakafu, dari na nyavu za madirisha, umechukua Sh 1,350,000. Kikaango cha bati nene chenye mkono wa kuzungusha, kilichotengenezwa na fundi wa hapa wilayani, ni Sh 480,000. Mizani miwili Sh 170,000. Mashine ya kuziba mifuko Sh 85,000. Turubai, chekeche, ndoo na chaga za kuwekea magunia Sh 260,000. Mifuko na lebo Sh 900,000, malighafi Sh 3,100,000, usafiri na kusaga Sh 400,000. Zilizobaki, Sh 255,000, hazikuguswa.

Pengo la fedha zilizokatwa tuliliziba kwa kuacha kununua akiba ya ziada ya malighafi, uamuzi uliotugharimu baadaye bei ya ulezi ilipopanda. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba kubadilisha matumizi yaliyoandikwa kwenye andiko kunahitaji kibali. Tulimwandikia Afisa Maendeleo ya Jamii na kuambatanisha muhtasari uliosainiwa na wanachama wote kabla ya kutoa fedha benki.

Juni 2025: Uzalishaji wa kwanza, na karanga zilizotolewa

Mchanganyiko wetu wa awali ulikuwa na mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele na ngano, kwa imani iliyoenea kwamba kadiri vitu vinavyozidi ndivyo lishe inavyozidi. Afisa Lishe aliupangua mbele yetu. Nafaka tatu zinazofanana hazimwongezei mtoto kitu. Zinaongeza gharama na ugumu wa kudhibiti ubora. Karanga zilizosagwa pamoja na unga huchacha kwa sababu ya mafuta yake, na pamoja na mahindi ndizo zinazoshambuliwa zaidi na sumukuvu.

Hili la sumukuvu linastahili nafasi yake. Ni sumu ya ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuka. Anayetengeneza unga wa watoto bila kuchambua nafaka anaweza kusambaza sumu kwa nia njema. Tumebaki na mahindi, ulezi na soya tu. Karanga tunamshauri mama azichambue, azisage mwenyewe kidogo kidogo na kuziongeza kwenye uji jikoni.

Uchambuzi sasa ndiyo kazi inayochukua muda mwingi kuliko zote. Mahindi humwagwa juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, na kina mama wanne hupitisha punje kwa vidole: iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, yenye kitovu cheusi au rangi ya kijani kibichi inawekwa pembeni. Kwenye gunia la kilo 100 huondoka kilo saba hadi kumi. Makapi hayo tunayafukia, hayauzwi wala hayalishwi mifugo, ingawa kuna mwanachama ambaye bado huyatazama kwa huzuni yanapoingia shimoni.

Unga wa kwanza ulirudishwa na wateja kwa sababu ya ladha chungu. Chanzo kilikuwa soya, iliyokaangwa juujuu ikaungua ganda na kubaki mbichi ndani. Na soya mbichi, mbali na uchungu, ina viambato vinavyozuia mwili kutumia protini. Sasa soya inachemshwa kwanza, inamenywa maganda, inaanikwa mpaka ikauke, ndipo inakaangwa kwa moto mdogo. Kilo 64 za unga wa mwanzo hazikuuzwa.

Lebo nazo zilichapwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na picha ya mtoto mchanga anayetabasamu, iliyopendwa na kila mtu isipokuwa Afisa Lishe: mtoto hapaswi kupewa chochote zaidi ya maziwa ya mama hadi atimize miezi sita, na picha ile ingemwambia mama kinyume chake. Hasara Sh 180,000. Lebo mpya ina picha ya nafaka, tarehe ya kutengenezwa, uzito, viambato na maneno “kuanzia miezi sita”. Maombi ya alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) yamepelekwa kwa barua ya utambulisho wa SIDO (shirika linalohudumia viwanda vidogo), njia inayomwezesha mjasiriamali mdogo kupata huduma hiyo bila malipo katika miaka ya mwanzo.

Agosti 2025: Rejesho la kwanza

Kilo moja ya unga inatugharimu kiasi cha Sh 2,100 kwa bei za sasa na tunaiuza kwa Sh 2,800. Katika Sh 700 zinazobaki, 200 ni za kituo na 500 ni za marejesho na akiba. Rejesho la kila mwezi ni Sh 333,400, hivyo lazima ziuzwe pakiti 667 ndipo lifikiwe bila kugusa mtaji. Julai tuliuza 710. Agosti tumeuza 588, kwa kuwa duka moja lililochukua mzigo mkubwa halijalipa, na rejesho limekamilishwa kwa zile Sh 255,000 zilizohifadhiwa tangu Aprili. Kuanzia sasa duka linapata mzigo wa pili baada ya kulipia wa kwanza, na agizo hilo limebandikwa mlangoni ili muuzaji asilaumiwe yeye.

Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na ofisi ya halmashauri. Asipokee mtu fedha taslimu, awe ofisa au kiongozi wa kikundi, hata akisema anatusaidia kuokoa nauli. Madeni mengi ya zamani yanayosimuliwa huku kwetu yana mtu wa katikati aliyepokea fedha na hakuzifikisha.

Kituo kimepokea Sh 259,600 kwa miezi hii miwili, kilo 40 za unga zikiwa sehemu ya fedha hizo kwa bei ya gharama. Fedha hizo zinatosha uji wa asubuhi lakini hazitoshi posho za walezi, na ombi la posho limerudi kwenye michango ya wazazi. Vipimo vya robo mwaka vinaendelea kuandikwa. Ni mapema mno kuvisemea.

Mabaraza ya madiwani yalivunjwa Juni kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa Oktoba, na kwa sasa maamuzi yanafanywa na menejimenti ya halmashauri. Tulichokuwa tumepanga kukipeleka kwa diwani, yaani choo na tangi la maji, tumekipeleka kwa Mtendaji wa Kijiji ili kiwemo kwenye ajenda ya mkutano ujao. Hatua itakayoandikwa baada ya hii ni usajili wa kikundi kama kundi maalumu kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Namba ya mlipakodi na cheti cha kikundi tunavyo, na shule mbili za bweni zimeuliza kama tunaweza kuomba zabuni ya unga. Kinachokosekana ni alama ya TBS. Sampuli zimechukuliwa, majibu yanasubiriwa.